Mlima Husomwa kwa Miguu: Utangulizi

Kitabu hiki kinahusu watu wanaokwenda milimani kutembea kwa hiari yao, pamoja na yote yanayowawezesha kutembea: njia wanazozikanyaga, pumzi yao, wapagazi wanaowabebea mizigo, wenyeji ambao mashamba yao yanapitiwa, na ada zinazolipwa getini. Katika vyuo vyetu vingi somo hili halina idara yake. Kipande kimoja kiko kwa wanajiografia, kingine kwa madaktari, kingine kwa wanahistoria, na hesabu za fedha ziko kwa wachumi na maofisa wa utalii. Mimi nililiingia kwa mlango wa jiografia, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba vipande hivyo vikitenganishwa havisemi kitu. Ukimuuliza daktari kwa nini mgeni anaumwa kichwa na kutapika katika kibanda cha Kibo kule Kilimanjaro, atakupa jibu sahihi, lakini ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki imo kwenye risiti ya malipo ya hifadhi. Nitaeleza nina maana gani, ila kwanza tuweke historia mahali pake.

Likizo ya kutembea milimani kama inavyouzwa leo ilizaliwa katika milima ya Alps. Tarehe 8 Agosti 1786 Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard, wote wawili wa Chamonix, walifika kilele cha Mont Blanc. Mwaka 1821 waongozaji wa mji huohuo waliunda chama chao, baada ya wenzao watatu kufa katika mlima huo mwaka uliotangulia. Chama kikapanga zamu za kazi na kuweka mfuko wa kuwasaidia waliopatwa na ajali. Mwaka 1857 wapandaji wa London wakaanzisha Alpine Club, na mwaka 1863 mwandaaji wa safari Thomas Cook akapeleka kundi lake la kwanza la watalii Uswisi. Chini ya karne moja ilitosha kuufanya mlima uliokuwa ukiogopwa uwe na ratiba, bei na mwongozaji. Nakuomba uuweke akilini huo mwaka 1821, tutauhitaji tukifika kwa wapagazi.

Lakini tusichanganye likizo na kutembea kwenyewe. Watu wa milima yetu walikuwa wakipanda na kushuka karne nyingi kabla ya hapo, kwa sababu zao. Wachagga walifuata chuma kwa wahunzi wa Ugweno, katika milima ya Upare ya Kaskazini. Washambaa walishuka kwenda kuuza na kununua na watu wa nyika, kisha wakapanda tena na walichopata. Njia nyingi ambazo mgeni wa leo anazipita akiwa na kamera zilifunguliwa na safari za namna hiyo, na ndiyo maana mwanafunzi wangu akiniletea ramani ya njia ya utalii, swali langu la kwanza ni moja tu: hii njia ilikuwa ikielekea wapi kabla ya mtalii kuja?

Ndivyo ilivyo pia kwa kazi ya upagazi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibebwa na mabega ya wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mstari wa mbele. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba hao walikuwa watu wa kazi yao hasa: walikuwa na desturi zao za safari, waliwajua viongozi wao wa msafara, walijadili ujira, na walipodhulumiwa waligoma au kuondoka. Mjerumani Hans Meyer alipofika Kilimanjaro mwaka 1889 alirithi utaratibu huo. Alikuwa amejaribu mwaka 1887 na kushindwa. Safari hii aliweka kambi kwa ngazi mlimani, na wapagazi wakawa wanampandishia chakula kutoka Marangu, chini ya mlima, ili asilazimike kushuka kila akiba ilipokwisha. Tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria wakafika kileleni. Mtu anayelala leo katika hema lililokwisha kusimamishwa kabla hajafika kambini, akala supu ya moto, anaishi ndani ya mpango uleule.

Na ni nani waliokuwa pamoja na Meyer? Hapa mwanafunzi ajifunze kusoma vyanzo viwili kwa wakati mmoja. Kumbukumbu za Marangu zinamtaja Yohani Kinyala Lauwo, ambaye jina lake linaheshimiwa hadi leo kama mwongozaji wa safari ile. Kitabu cha Meyer mwenyewe kinamtaja Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki na Wazungu hao wawili katika kambi ya juu, kwenye baridi, wakati wengine wameshuka. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la mnazi na bahari, alikaa siku nyingi mahali ambapo maji huganda usiku. Mara nyingi hutajwa majina mawili tu, ya waliofika juu. Kazi mojawapo ya taaluma hii ni kurudisha majina yaliyobaki kambini.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu wa Kibo. Hewa ya mlimani ina oksijeni kwa uwiano uleule wa pwani, kama asilimia 21. Kinachopungua ni kanieneo. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa inakaribia nusu ya ile ya Tanga au Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu ya oksijeni. Mwili unajua kujitetea. Kwanza unapumua haraka na kwa kina zaidi. Kisha, kwa muda wa siku kadhaa, figo zinarekebisha kemia ya damu ili kasi hiyo ya kupumua iweze kuendelea hata usingizini. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Asiyeupa mwili muda huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula na hutapika. Akilazimisha kupanda, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo dawa kuu ni kumshusha mara moja, hata kama ni saa nane za usiku.

Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kila usiku. Sasa chukua njia ya Marangu. Kibanda cha Mandara kiko mita 2,720. Horombo, mita 3,720. Kibo, mita 4,720. Mgeni wa ratiba ya siku 5 analala Mandara usiku wa kwanza, Horombo wa pili, Kibo wa tatu, na kabla usiku huo haujaisha anaamshwa aanze kupanda kuelekea kileleni. Kutoka kibanda hadi kibanda anaongeza mita 1,000, yaani maradufu ya ushauri. Kila mwongozaji wa Marangu anajua kwamba siku moja zaidi pale Horombo, ya kupanda kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi na kurudi kulala palepale, inasaidia sana. Kwa nini basi wapo wasioichukua? Kwa sababu ada za hifadhi zinatozwa kwa siku, na vibanda na kambi kwa usiku. Siku ya sita ina bei yake, na kampuni inayotaka kumvutia mteja kwa bei ya chini huanza kwa kukata siku. Mwenye kusoma tiba peke yake ataona mapafu. Mwenye kusoma uchumi peke yake ataona ushindani wa bei. Mgonjwa aliyeketi kitandani pale Kibo ameinamia ndoo ni mmoja tu, na anahitaji mtu anayeyaona yote mawili. Kwa maoni yangu ada zingepangwa upya ili siku ya kuzoea mwinuko isiwe adhabu kwa anayeichukua. Nimelisema hili mara nyingi madarasani na nitaendelea kulisema.

Simama sasa kwenye geti la Machame, njia nyingine ya Kilimanjaro, asubuhi ya msimu wa kiangazi. Utawaona vijana wengi nje ya uzio wakingoja kuitwa majina, wengine wakiwa na viatu vizuri, wengine na raba zilizochakaa nyayo. Mizigo inafungwa kwenye viroba na kutundikwa kwenye mizani. Kanuni inamruhusu mpagazi kubeba kilo 20. Mshale ukizidi, kiroba kinafunguliwa, mtungi mdogo wa gesi unatolewa, au trei ya mayai, na kupewa mwingine. Kisha safari inaanza. Wageni hutangulia na fimbo zao, pole pole kama walivyoelekezwa. Wapagazi wakishafunga mizigo huwafuata na kuwapita msituni, kiroba kichwani au shingoni, begi lao wenyewe mgongoni, wakiomba njia kwa sauti. Mgeni anapofika kambini mahema yamesimama na maji ya kunawa yamepata moto. Wapagazi wao kwa wao hujiita wagumu, na sijaona jina linalowafaa zaidi.

Mwaka 2009 Overseas Development Institute ya London ilitoa utafiti uliofuatilia fedha za watalii kaskazini mwa Tanzania. Ulikadiria kwamba fedha zinazotumika nchini kwa ajili ya kupanda Kilimanjaro zilikaribia dola milioni 50 kwa mwaka, na kwamba asilimia 28 ya fedha hizo iliwafikia watu wa kipato cha chini. Kwa safari za kuona wanyama katika mbuga za kaskazini ilikuwa asilimia 18. Tofauti hiyo ina sababu iliyo wazi: mgeni mmoja wa mlimani anahitaji watu kadhaa wa kumbebea, kumpikia na kumwongoza, na hakuna gari linaloweza kuchukua nafasi yao. Lakini utafiti huohuo usikufanye uridhike. Kipato cha mpagazi kinategemea sana bahashishi ya mwisho wa safari, na bahashishi hupita mikononi mwa watu kabla ya kumfikia. Tangu 2003 Kilimanjaro Porters Assistance Project imekuwa ikifuatilia malipo, uzito wa mizigo na malazi ya wapagazi, na inawaazima nguo za baridi bila malipo. Hapa ndipo pa kulinganisha na Chamonix ya 1821. Waongozaji wale walikuwa watu maskini wa bondeni kama hawa wetu. Walichokuwa nacho ni chama chenye sauti ya kupanga zamu na malipo. Kitabu kizima kinaweza kuandikwa juu ya ulinganisho huo, na sijakiona kwa Kiswahili. Pengine kitakuwa chako.

Kuhusu mimea nitakuwa na haraka kidogo, ingawa ndiyo inayowapendeza wengi. Mwaka 1802 mwanasayansi Alexander von Humboldt alipanda Chimborazo, katika nchi ya Ekuado ya leo, na kutokana na safari hiyo akachora mlima kama ngazi ya mimea, kila kimo na jamii yake. Kilimanjaro ni ngazi ya namna hiyo: chini kuna vihamba vya Wachagga, migomba na kahawa chini ya kivuli cha miti, vikinyweshwa na mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mikono; juu yake msitu wa mvua; kisha vichaka vya erika; kisha nyanda za lobelia na senesio kubwa; kisha jangwa la mawe; kisha barafu. Ukifika penye senesio, simama. Angalia shina: majani yaliyokufa hayakudondoka, yamelifunika pande zote, nayo hulikinga na jalidi. Halafu rudi jioni kwenye lobelia uliyoiona mchana. Majani yaliyokuwa yametandazwa yamejifunga kuuzunguka moyo wa mmea, kwa kuwa hapo kila usiku ni baridi kali na kila mchana ni jua kali, mwaka mzima. Mwanafunzi aliyeiona lobelia ikijifunga haulizi tena kwa nini analazimishwa kubeba koti zito wakati kumekucha na joto.

Barafu inapungua, nawe umesikia hilo mara nyingi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilitabiri kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Jambo linalosemwa mara chache ni lile lililoonyeshwa na mwanabotania Andreas Hemp, aliyeuchunguza Kilimanjaro kwa miongo mingi: moto unaounguza erika za juu umeushusha mpaka wa msitu, na msitu huo ndio unaonasa maji ya ukungu. Kwa mkulima wa Machame anayesubiri mfongo wake ujae, hasara ya msitu ni kubwa kuliko hasara ya barafu. Hemp na wenzake ndio pia waliopima, katika bonde moja la Kilimanjaro, mti wa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili inayojulikana Afrika. Watalii wengi hupita msituni wakiwa wameinamisha vichwa, wanakimbilia barafu. Naliona hilo kuwa hasara kubwa kwao.

Nisingependa ufikiri kwamba taaluma hii ni ya vilele virefu tu. Kama ningelazimika kuchagua mahali pamoja pa kufundishia, ningechagua Usambara Magharibi. Unaanzia Lushoto, unapita msitu wa Magamba, unalala Rangwi, na baada ya siku chache za kutembea unafika Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa mlima, nyika ya Mkomazi ikiwa imetanda chini. Hakuna hema, na kiroba cha kilo 20 hakipo. Unalala nyumba za wageni au kwa masista, unakula kinacholiwa, unapishana na wanafunzi wakienda shule na kina mama wakitoka shambani na mizigo ya kabichi na kuni. Ni lazima usalimie. Mgeni asiyesalimia katika njia zile anapishwa kimya, na hataambiwa chochote cha maana siku nzima. Ukikaa kitako pale Irente, karibu na Lushoto, baada ya kula mkate wa rai na jibini vinavyotengenezwa shambani hapo, unaona Mazinde chini kabisa, mabati yake yakimeta. Ua ambalo Wazungu wanalipanda kwenye vyungu madirishani na kuliita Saintpaulia lilichukuliwa katika eneo la Usambara mwaka 1892, likapewa jina la ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya.

Na miteremko ina historia ya siasa. Ukiona matuta ya kuzuia mmomonyoko, usidhani ni kilimo tu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Washambaa kuyachimba, wakulima wakayapinga kwa nguvu mpaka mpango ukaachwa. Uluguru, mwaka 1955, ubishi kama huo ulizua ghasia. Mwanahistoria Steven Feierman alitumia miaka mingi kuwasikiliza wazee wa Usambara, na kitabu chake Peasant Intellectuals cha 1990 kinaonyesha jinsi wakulima hao walivyofikiri juu ya ardhi, mvua na mamlaka. Kisome kabla ya kwenda, kisha tembea. Utaona kwamba kila tuta lina mtu aliyelikubali au aliyelikataa.

Kuna neno moja kuhusu mbinu. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ya kukisia muda wa safari ya mlimani: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Ijaribu kwenye njia ya Mandara hadi Horombo, kama kilomita 12 na mita 1,000 za kupanda. Utapata saa 4. Waongozaji wa Marangu watakuambia 6 hadi 8. Tofauti hiyo ndiyo data yako. Ndani yake mna uhaba wa oksijeni, matope, mapumziko ya chai, umri wa mgeni, na busara ya mwongozaji anayejua kwamba atakayekimbia leo hatapanda kesho. Mtafiti anayechukua muda kwa saa yake na kuuandika papo hapo ana kitu ambacho picha za setilaiti hazina.

Lipo pia suala la sisi wenyewe kutembea. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka Mwenge wa Uhuru na bendera ya Tanganyika juu ya Kilimanjaro. Desemba 1963 Kisoi Munyao akapandisha bendera ya Kenya katika Mlima Kenya. Kila mwaka Watanzania wanapanda Kilimanjaro kuadhimisha siku ya Uhuru. Nairobi, vijana wanaondoka alfajiri za Jumamosi kwenda Ngong, Longonot au Elephant Hill katika Aberdare, na wanalipia kwa fedha zao. Raia hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa ng'ambo. Hata hivyo sehemu kubwa ya maandishi ya taaluma hii inamhusu mtalii kutoka Ulaya na Marekani, na imeandikwa kwa lugha zao. Mpagazi yumo, lakini mara nyingi kama mtu anayeulizwa maswali. Ni wachache mno waliotoka kwenye kiroba wakaja kuandika tasnifu, na vyuo vyetu vina wajibu wa kuwafungulia mlango.

Kwa hiyo, kabla hujafungua sura ya kwanza, chagua njia moja iliyo karibu nawe. Uliyeko Morogoro, panda Morningside. Uliyeko Mbeya, nenda Loleza. Uliyeko Kasese, anza na vijiji vilivyo chini ya Rwenzori. Chukua daftari na maji, salimia kila unayekutana naye, muulize mzee mmoja njia hiyo ilifunguliwa na nani na kwa shughuli gani, na uandike jina lake kamili kwa idhini yake. Maelezo hayo yaandike siku ileile, kabla ya kulala.